Sajini mstaafu wa Kayole: dai haki zako kwa namba yako ya jeshi

Swali, kwa kifupi: "Mimi ni sajini mstaafu, naishi Kayole. Niliingia jeshini 1989 nikiwa WSC, kikosi cha wanawake, nikaendelea kikosi kilipovunjwa, nikastaafu 2007. Mgongo unanisumbua tangu nilipoanguka kutoka kwenye lori tukiwa mazoezini Archer's Post. Kila nikienda kuulizia haki zangu, swali la kwanza ni 'mume wako alikuwa kikosi gani?' Mzee wangu naye ni mwanajeshi mstaafu, basi nimeandikwa kama mtu wake. Jina la kitambulisho ni la ndoa, la jeshini ni la baba. Karani mmoja aliniambia nije na mzee ndiyo mambo yaende haraka. Halafu kuna mambo yalinipata kambini nikiwa kuruta ambayo sijamwambia mtu, na usingizi umenikimbia miaka mingi. Nianzie wapi? Na je, kujiunga na chama cha wastaafu kuna faida, ilhali mikutano imejaa wanaume?"

Afande, usiende na mzee. Karani yule huenda alikushauri kwa nia njema, lakini ukifika pale ukiwa nyuma ya mumeo, faili itakayotolewa ni yake. Humo wewe ni mstari mmoja tu: mke. Mke wa mwanajeshi ana haki zake na sikuambii uziache, ila faili ya mume haina mahali pa kuandika kwamba mke alianguka kutoka kwenye lori la jeshi akiwa kazini. Haina tarehe uliyokula kiapo, haina vyeo ulivyopanda, wala haina maelezo ya daktari aliyekutazama siku ile. Jeraha la kazini hudaiwa na aliyeumia, kwa namba yake mwenyewe ya jeshi. Na haki za mtegemezi hutikisika ndoa ikitikisika au mume akifariki. Miaka yako kumi na minane ya utumishi haitegemei ndoa ya mtu.

Hilo swali la "mume wako alikuwa kikosi gani" nimelisikia kutoka kwa wanawake wengi waliovaa sare, na linaniudhi kila mara. Lina historia yake. Mlipoingia nyinyi, wanawake walikuwa na kikosi chao pembeni, hiyo WSC iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hawakuingizwa moja kwa moja katika Jeshi la Nchi Kavu, la Anga na la Majini hadi kikosi hicho kilipovunjwa kuelekea mwaka 2000. Kwa hiyo karani aliyezoea kuona wajane na wake wa wanajeshi kwenye dirisha lake hudhani wewe ni mmoja wao. Fatuma Ahmed amekuwa brigedia wa kwanza mwanamke mwaka 2015, meja jenerali mwaka 2018, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Anga. Heshima hiyo ni kubwa na ni ya haki, lakini bado haijafika kwenye dirisha la karani.

Wala si Kenya peke yake. Nchini Marekani, sensa ya mwaka 1980 ndiyo ya kwanza iliyowauliza wanawake kama waliwahi kutumikia jeshi. Zaidi ya milioni moja walijibu ndiyo, na ikaonekana kwamba ni wachache tu waliokuwa wakitumia huduma zao. Mwaka 1982 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ikatoa ripoti kwamba wanawake hawapati huduma za wastaafu sawa na wanaume: hawakuwa wakipimwa mwili kikamilifu, na hospitali hazikuwa na faragha ya kuwatosha. Mwaka 1994 sheria ikaunda kituo maalumu cha kushughulikia wanajeshi wanawake wastaafu. Leo kila hospitali kuu ya wizara yao ya wastaafu ina mratibu wa wanawake, mtu mwenye ofisi na simu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mwanamke hapotei kati ya madirisha. Yote hayo yalifuata baada ya mtu kuwauliza swali sahihi.

Sasa tuje kwako. Anza na majina, kwa sababu hapo ndipo wanawake wengi hukwama bila kuelezwa wamekwama wapi. Mwanamume huingia jeshini na jina moja na kuzikwa nalo. Wewe una jina la baba kwenye karatasi za jeshi, jina la ndoa kwenye kitambulisho, na pengine jina la tatu benki, lenye herufi moja iliyokosewa. Karani hulinganisha, hayalingani, anakurudishia karatasi zako bila kukuandikia chochote. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo ukaandikiwe hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya yote, ukiyataja moja baada ya jingine jinsi yalivyoandikwa, hata yale yenye makosa, ni ya mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe mwenye namba hii ya jeshi na namba hii ya kitambulisho. Ambatisha cheti cha ndoa. Kama mlioana kimila na hamkuwahi kusajili, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila nazo zisajiliwe, kwa hiyo isajilini tu. Cheti hicho kitakufaa kwa mengi zaidi ya haya. Ikiwa jina lilibadilishwa kwa sababu nyingine isiyo ndoa, utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Toa nakala kadhaa za hati ya kiapo na uzipige muhuri siku hiyo hiyo, kwa sababu kila ofisi utakayoingia itataka kubaki na moja.

Ukishakuwa nayo, omba rekodi zako kwa maandishi. Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi huenda Ulinzi House, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, husimama langoni, huongea na mtu, huambiwa "tutakupigia", na mwaka unapita. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Barua inayo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kutoka kwa taasisi ya umma, na inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa hiyo usikubali kurudishwa eti barua iwe ya Kiingereza. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hizo. Kuomba ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Taasisi ina siku 21 za kukupa uamuzi. Nayo Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazokuhusu zirekebishwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema hivyo hivyo kuhusu data yako binafsi.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Andika hivi, ukijaza mapengo:

"Mimi (jina la jeshini), ambaye sasa ninaitwa (jina la kitambulisho), namba ya jeshi (namba), nilitumikia kuanzia mwaka 1989 hadi 2007. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za rekodi zangu za utumishi, rekodi zangu za matibabu, na taarifa yoyote kuhusu ajali iliyonipata mazoezini Archer's Post mwaka (mwaka). Naomba pia jina langu lirekebishwe kulingana na hati ya kiapo na cheti cha ndoa nilivyoambatisha, na nijulishwe kwa maandishi kama nimeorodheshwa kama mwanajeshi mstaafu kwa haki yangu mwenyewe."

Sentensi ya mwisho usiiondoe hata ukishauriwa kuiondoa. Ndiyo itakayomlazimu mtu fulani afungue faili yako na kuisoma. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Siku 21 zikipita kimya, au wakikujibu kwamba ni siri ya usalama wa taifa, barua hiyo yenye muhuri ndiyo utakayopeleka Tume ya Haki ya Utawala, ile watu wanayoiita Ombudsman, iliyoko West End Towers kwenye barabara ya Waiyaki, Westlands. Huko hakuna ada ya kulalamika. Usalama wa taifa ni sababu halali kwa mipango ya vita. Kwa picha ya eksirei ya mgongo wako mwenyewe, mimi sioni ikisimama.

Na tafadhali, jihadhari na mabroka. Wapo wanaojua wastaafu walivyochoka, wanajifanya wana mtu ndani, wanataka "kitu kidogo cha kusukuma faili". Usimpe mtu kitambulisho chako halisi, usimpe cheti chako cha utumishi, wala usitie sahihi karatasi tupu. Hatua zote nilizokutajia unaweza kuzifanya mwenyewe. Ukihitaji msaada wa sheria na mfuko hauruhusu, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wamekuwa wakiwasaidia wanawake tangu 1985, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Kuhusu mgongo. Ukielekezwa ofisi ya kazi, usipoteze nauli: Sheria ya Ajira ya 2007 inawaacha nje wanajeshi. Njia yako ni ya kijeshi, yaani kuthibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini, kisha upimwe na bodi ya madaktari kuhusu kiwango cha ulemavu. Ugumu wake ni ushahidi. Kama taarifa ya ajali haipatikani kwenye faili, jenga ushahidi kutoka pembeni. Watafute wenzako wawili au watatu waliokuwa kwenye mazoezi yale, kila mmoja aandike hati ya kiapo yake kwa maneno yake: mlikuwa wapi, lori lilikuwa linafanya nini, ulianguka vipi, nani alikubeba, ulirudi kazini baada ya muda gani. Zisifanane neno kwa neno. Zikifanana zitatiliwa shaka. Kisha nenda hospitali ya Mama Lucy hapo karibu nawe, au ya Kenyatta, ukapigwe picha mpya ya mgongo, na umwombe daktari aandike kama hali anayoiona inaendana na kuanguka kwa zamani. Daktari hawezi kuapa kwamba lilikuwa lori. Akiandika tu kwamba ni jeraha la miaka mingi, si la uzee peke yake, amekusaidia sana.

Dai lako likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 vinakupa haki hiyo. Ukikataliwa bila kupewa sababu, ni vigumu kujua ukate rufaa juu ya nini, na wengi hapo ndipo hukata tamaa wakidhani mambo yamekwisha.

Utasikia pia habari za Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022. Ipo, Bunge liliipitisha ili kuweka mfumo wa kusimamia masuala yenu, na ni vizuri uitaje kwenye barua zako. Lakini sheria ya namna hiyo humfikia aliyeandikwa kuwa mstaafu. Aliyeandikwa mke itampita, ndiyo maana nimetangulia kwenye majina na faili.

Matibabu ya kila siku hayahitaji kungoja hayo yote. Jisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, kama hujajisajili. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na unaweza kuanza kwa simu kwa kupiga *147# au katika Huduma Centre. Uliza pia kuhusu DEFMIS, mpango wa bima ya matibabu wa Vikosi vya Ulinzi, na uulize kwa jina lako: mwanachama mkuu ni nani, mimi au mzee? Kama mgongo umekuzuia kufanya kazi, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husajili baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali, na usajili huo hufungua milango mingine, ikiwemo zabuni za serikali zilizotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambazo ni asilimia 30. Usione haya kwamba askari anaomba kadi ya ulemavu. Uliumia ukiitumikia nchi.

Sasa lile uliloandika mwishoni, ambalo naamini ndilo zito kuliko yote. Sitakuuliza ni nini. Nitakwambia tu mambo unayopaswa kuyajua ili uamue mwenyewe.

Kwanza, kukosa usingizi kwa miaka mingi, kushtuka mtu akipita nyuma yako, kukwepa mahali au harufu fulani, hasira inayokuja bila kubisha hodi: hayo ni maumivu yanayojulikana na yanatibika, hata baada ya miaka thelathini. Hayakujii kwa sababu wewe ni dhaifu. Nimeona wanawake waliobeba bunduki na kuongoza vikosi wakipata nafuu ya kweli kwa kukaa na mshauri aliyesomea kazi hiyo, wiki baada ya wiki.

Pili, ili utibiwe huhitaji kumshtaki mtu. Watu wengi huchanganya haya mawili na kukaa kimya kwa sababu hawataki kesi. Marekani walilielewa hili: mwanajeshi aliyedhulumiwa kingono akiwa kazini hutibiwa bure na wizara ya wastaafu hata kama hakuwahi kuripoti, na hadaiwi ushahidi. Hapa Nairobi nawe unaweza kwenda kituo cha manusura wa ukatili wa kijinsia katika Nairobi Women's Hospital, kilichoanzishwa 2001, au Hospitali ya Kenyatta, ukaonana na mshauri bila kupitia kituo cha polisi. Ukitaka kuanza kwa sauti tu, bila mtu kukuona uso, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu au 1195, ambayo ni ya masuala ya ukatili wa kijinsia. Zote ni bure. Huko huhitaji kutaja cheo wala kambi. Na kama usiku unakuletea mawazo ya kujidhuru, usingoje kukuche. Piga usiku huo huo, au umwamshe mtu wa nyumbani akupeleke hospitali iliyo karibu.

Tatu, ukiamua baadaye kushtaki kwa jinai, mlango haujafungwa kwa sababu ni zamani. Kosa zito la jinai halina siku ya kuisha nchini Kenya. Lakini uamuzi huo ufanye ukiwa umeshapata mtu wa kukushika mkono, na uongee na wakili kabla ya kuandika chochote kwa jeshi kuhusu jambo hilo. Usilichanganye kwenye barua ile ya rekodi.

Kama kuna afisa anayesoma haya, mwenye mamlaka juu ya dirisha lolote wanapohudumiwa wastaafu, ninaomba jambo lisilohitaji bajeti: badilisheni swali la kwanza. Mwulizeni kila anayefika, mwanamume kwa mwanamke, "Je, wewe mwenyewe ulitumikia jeshi?" Wekeni angalau karani mmoja mwanamke ambaye mstaafu anaweza kuomba kuzungumza naye pembeni, si dirishani watu wakisikiliza nyuma yake. Na kwenye fomu, wekeni nafasi ya jina la zamani.

Kuhusu chama, naam, jiunge. DEFOCA ndicho chama cha wastaafu wa vikosi vyetu, na humo ndimo utawapata mashahidi, habari za mabadiliko kabla hazijafika mtaani, na watu wanaojua faili hukaa wapi. Kwamba mikutano imejaa wanaume ni kweli, ndiyo maana usiende peke yako. Watafute wenzako wa WSC; wengi wenu mko Kahawa, Kayole, Embakasi na Utawala, mnajuana kwa majina ya utani ya depo. Mkienda watano mkaketi pamoja mbele, ajenda hubadilika. Ombeni suala la wanawake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, kisha mwombe nakala ya kumbukumbu hizo. Unapolipa ada, dai stakabadhi yenye jina lako na namba yako ya jeshi, hata kama mzee ameshalipa yake.